Kikao cha Dementia Friends: kichwa kimefundishwa, mkono bado

Hakuna kiingilio, hakuna mtihani, na kwa kawaida hakizidi saa moja. Mwishoni unapewa beji ndogo ya ua la buluu, lile ambalo jina lake kwa Kiingereza maana yake ni "usinisahau". Hicho ndicho kikao cha Dementia Friends, cha kuwafundisha watu wa kawaida kuhusu dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, maamuzi na lugha. Kilianzishwa na shirika la Alzheimer's Society huko Uingereza mwaka 2013, na kabla muongo ule haujaisha watu zaidi ya milioni 3 walikuwa wameshakipitia.

Walengwa wake ni muuza duka, dereva wa basi, keshia, kinyozi na jirani wa mlango wa pili, yaani wale ambao mtu mwenye dimensia anakutana nao kila siku, wakati daktari anamwona mara moja kwa miezi kadhaa. Waswahili wengi walioko Uingereza wanafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee na wameshakaa kwenye kikao hiki. Huku Afrika Mashariki nako vikundi vya msikitini, vya kanisani na vya mtaa vinatafuta cha kuiga. Kwa hiyo inafaa kukipima kwa haki: kipi kichukuliwe kama kilivyo, kipi kigeuzwe, na kipi hakimo kabisa.

Alama zangu: 8 kati ya 10 kwa kinachofundishwa ndani ya chumba, 4 kati ya 10 kwa kinachofuata baada ya watu kutoka chumbani.

Zoezi la chai

Kikao kinaendeshwa na mtu wa kujitolea aliyepewa mafunzo mafupi. Kuna bingo ya maneno ya kuvunja ukimya, kuna vipande vya sentensi ambavyo washiriki wanaviunganisha wawili wawili, halafu linakuja zoezi la chai. Hapo ndipo watu wanaponyamaza.

Kila mshiriki anaandika hatua za kutengeneza kikombe cha chai, kana kwamba anamwelekeza mtu ambaye hajawahi kuiona. Waingereza wanaanza na birika la umeme na kifuko cha majani. Chai yetu ya kupika ina safari ndefu zaidi: tafuta sufuria, funua ndoo, teka maji, washa kiberiti, fungua gesi, injika, ponda tangawizi, tia majani, subiri yachemke, tia maziwa, simama hapo hapo yasifurike, punguza moto, tia sukari, zima, funga mtungi, tafuta chujio, mimina. Wako wanaoishia hatua 8, wako wanaofika 30. Kisha mwendeshaji anauliza: hatua ya kuwasha kiberiti ikifutika, ile ya kufungua gesi ikabaki, itakuwaje? Ya kuzima ikifutika je?

Somo lake ni hili: aliyepoteza hatua moja hajapoteza kupika chai. Hatua nyingine zote bado anazo, na mikono yake inazijua. Anahitaji kurudishiwa ile moja tu, basi. Nyumbani hii ina maana ya kumpangia vitu mezani kwa mfuatano kuanzia kushoto kwenda kulia (sufuria, majani, sukari, chujio, kikombe), kukaa karibu, na kutaja hatua inayofuata pale anapokwama. Familia nyingi hufanya kinyume. Mama akiunguza sufuria mara mbili anaondolewa jikoni moja kwa moja, na ndani ya miezi michache anapoteza hata zile hatua alizokuwa nazo, kwa sababu mikono imekaa bure. Kama hatari ni moto, ondoa moto: chemsha maji wewe, uyatie kwenye chupa ya chai, kazi iliyobaki umwachie afanye mwenyewe.

Ukichukua zoezi hili peke yake ukaacha mengine yote, bado utakuwa umepata kitu cha thamani. Tumia chai ya kupika, usitumie ya kifuko. Au tumia ugali, ambao unawafaa zaidi wale wasiokunywa chai ya maziwa.

Kabati la vitabu, au sanduku la kanga

Mfano mkuu wa kikao ni kabati la vitabu. Fikiria mama wa miaka 70 amesimama kando ya kabati lenye kimo chake. Rafu ya usawa wa kichwa ina vitabu vya leo na jana: amekula nini asubuhi, nani amepiga simu. Usawa wa mabega kuna miaka ya utu uzima, usawa wa magoti ujana, miguuni utoto. Dimensia inapolitikisa kabati, vitabu vya juu ndivyo vinavyoanguka kwanza. Ndiyo maana bibi hakumbuki kama amekula, lakini anakuhadithia mwalimu wake wa darasa la pili, jina na fimbo yake.

Halafu kuna kabati la pili, la hisia. La kwanza, la matukio, limetengenezwa kwa mbao nyepesi, nalo linawakilisha sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ugonjwa wa Alzheimer huishambulia mapema. La hisia ni la mbao nzito na halitikisiki kirahisi. Ukimtembelea mzee mkacheka saa nzima, jioni anaweza asikumbuke kwamba ulifika, ila ile raha inabaki naye. Ukibishana naye, mabishano yanaanguka na uchungu unabaki, bila yeye kujua umetoka wapi.

Kwa nyumba isiyo na kabati la vitabu, ningetumia sanduku la kanga. Zilizonunuliwa karibuni ziko juu, za harusi za watoto katikati, za kuolewa kwake ziko chini kabisa. Anayechopoa anaanzia juu. Sanduku la matukio ni boksi la katoni lililoloa pembeni, na sanduku la hisia ni lile la mvule lenye njumu za shaba. Mfano unabaki uleule, tofauti ni kwamba msikilizaji anaushika mara moja.

Faida yake inaonekana siku mzee anaposema, "Nataka kwenda nyumbani," naye ameketi nyumbani kwake alikoishi miaka 30. Nyumba ya kanga za juu imeshachopolewa. Anayoitaja ni ile ya chini, ya mama yake. Kumwambia "hapa ndipo nyumbani kwako" kunamfanya ajione amefungwa kwa watu asiowajua. Mwulize kuna nini huko nyumbani, kuna mwembe, nani yuko jikoni, tembea naye hatua kadhaa uani, umpe kitu cha kunywa. Vilevile anapomwulizia mumewe aliyefariki. Kila unapomwambia "alishafariki" anafiwa upya. Habari inatoka, msiba unabaki.

Mfano huu una upungufu ambao mwendeshaji mzuri anausema waziwazi, na mvivu anauruka. Unaufaa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha dimensia, lakini hauyafai yote. Dimensia ya mishipa ya damu, inayofuata viharusi na presha isiyotibiwa, mara nyingi hushuka kama ngazi: mtu anakaa hivyo hivyo miezi, kisha anashuka ghafla, na kinachoonekana kwanza huenda kikawa fikra kuwa nzito na kushindwa kupanga mambo. Dimensia ya Lewy humfanya mtu aone watu au wanyama wasiokuwepo, na hali yake kubadilika kutoka asubuhi hadi jioni, hata majirani wakasema anajifanya. Ile ya sehemu ya mbele ya ubongo inaanza na tabia au lugha, mara nyingi kabla ya miaka 65, kumbukumbu ikiwa bado nzima. Baba wa miaka 55 aliyekuwa mpole akaanza kutukana na kuchukua vitu dukani bila kulipa, hakuna atakayemfikiria dimensia kama alichofundishwa ni kabati peke yake. Dakika mbili za maelezo haya zinatosha. Zisikosekane.

Jumbe tano na maneno tunayoyatumia

Kikao kinajengwa juu ya jumbe tano: dimensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, husababishwa na magonjwa ya ubongo, haiishii kwenye kusahau, inawezekana kuishi vizuri nayo, na mtu ni zaidi ya dimensia yake. Kwa Kiingereza zinapita bila kukwaruza. Kwa Kiswahili karibu kila moja inagongana na neno lililo midomoni mwetu.

"Uzee tu huo." Neno hili linaua ujumbe wa kwanza. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, baada ya kurekebishwa kwa umri. Ina maana wazee zaidi ya tisa kati ya kumi hawana. Anayesema ni uzee tu hampeleki mzee kupimwa, na humo ndani zimo hali zinazofanana na dimensia lakini zinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, sonona, dawa zinazogongana. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, ana dharura, mara nyingi maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu. Kwa kawaida dimensia haiji kwa siku mbili.

Ujumbe wa pili kwetu ndio mzito kuliko yote, na kikao cha Uingereza kinaupitia kwa sentensi moja kwa sababu kule hauna mpinzani. Usukumani, Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetoka usiku bila kujua saa, akakutwa alfajiri kwenye uwanja wa jirani amevaa nusu, anaongea na watu wasioonekana, ana kila dalili ambayo mtu mwenye hofu ataisoma vibaya. Ukiendesha kikao huku, ujumbe huu upewe robo ya muda wote, na aongee mtu anayesikilizwa: mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji, mhudumu wa afya wa jamii. Usiwakejeli waliokuja na imani hizo. Waeleze ubongo unafanya nini usiku: saa ya mwili inaharibika, macho yanasoma kivuli kama mtu, mzee anaamka akidhani ni asubuhi ya kwenda shamba.

"Ugonjwa wa kusahau" ndilo jina lililoenea, na linapingana na ujumbe wa tatu. "Shida ya akili," linalotokea kwenye tafsiri nyingi za mtandaoni, linamweka mzee kwenye kapu moja na matusi. Wajapani waliliona tatizo hili mapema. Neno lao la zamani, chihō, liliandikwa kwa herufi zenye maana ya upumbavu. Desemba 2004 serikali ililiacha rasmi ikachukua ninchishō, na mwaka uliofuata ndipo ikaanza mpango wa kufundisha wananchi ambao Waingereza waliuiga baadaye. Kwanza neno, kisha mafunzo. Sisi nasi tuanzie hapo. Mimi nasema "dimensia", na kwa asiyelijua naongeza "ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, maamuzi na lugha". Ni refu, lakini halimtukani mtu.

Ujumbe wa nne unahitaji uangalifu. Binti aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, halali usiku na hana wa kumpokea zamu, akiambiwa "inawezekana kuishi vizuri" anasikia lawama. Mwendeshaji aseme inawezekana kwa msaada upi: mtu wa kumshika mkono saa mbili kwa wiki, duka linaloelewa, jirani anayejua la kufanya. Bila hayo sentensi hiyo inaelea hewani.

Kuhusu wa tano, tunasema "amerudi utotoni". Si kweli. Mtoto hajajenga nyumba, hajazika mwenzake, hajafundisha wanafunzi wa vizazi viwili. Angalia kinachotokea kwa majina: fundi seremala aliyeitwa Fundi miaka 40 anaanza kuitwa "mzee huyu", muuzaji anamwuliza mwanawe aliyesimama kando, "Anataka nini?" Mwite Fundi. Mwite Hajati, Mwalimu, Mama fulani, kama alivyokuwa akiitwa. Haigharimu senti moja.

Makatazo matatu ya Kijapani

Hapa ndipo kikao cha Uingereza kinapopungukiwa. Mshiriki anatoka akiwa ameelewa, kisha anaombwa aahidi kitendo kimoja, chochote, hata kuwaeleza wenzake watano. Hakuna anayemfundisha akae vipi, aseme nini, asimame wapi. Wajapani katika mafunzo yao ya dakika 90, ambayo watu zaidi ya milioni 10 wameyapitia, wana makatazo matatu ambayo yanakaa kwenye vidole vitatu: usimshtue, usimharakishe, usimvunjie heshima.

Usimshtue: mwendee kwa mbele, akuone ukiwa bado mbali kidogo, nenda peke yako. Watu watatu wakimzunguka mzee aliyepotea, atafanya ambacho yeyote angefanya akizungukwa. Usimshike bega kutokea nyuma. Kama ameketi, inama au chuchumaa macho yenu yawe usawa mmoja.

Usimharakishe: swali moja kwa mara moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, na wengi wanakatiza wakifika tatu kwa swali jingine, ambalo linalifuta la kwanza, mzee akaanza upya. Ukilazimika kurudia, rudia kwa maneno yaleyale. Badala ya "Utakula nini leo, bibi, kuna wali, ndizi, chapati, au nikuletee kitu kingine?" mwonyeshe sahani mbili: "Wali, au ndizi?"

Usimvunjie heshima: kwetu kosa kubwa kuliko yote lina sura ya mapenzi. "Bibi, unanikumbuka? Hebu nitaje jina! Mimi nani?" Kila mgeni anamfanyia bibi mtihani ule ule, mbele ya watu, na bibi anatafuta jina ambalo halipo, uso ukimbadilika. Jitambulishe wewe, tena kwa ukoo: "Shikamoo bibi, mimi Asha, mtoto wa Mwanaidi wa nyumba ya pili." Umempa jina, umempa mama, umempa mahali. Akikosea akakuita kwa jina la mama yako, itika.

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Kiingereza hakina. "Shikamoo" na "marahaba" zimesemwa mara nyingi mno maishani kiasi kwamba hazitafutwi, zinatoka zenyewe, kama dua, kama wimbo wa kanisani. Mzee ambaye hawezi tena kukamilisha sentensi mara nyingi bado anaitikia "marahaba", na kwa sekunde ile anakuwa mkubwa wa mtu tena. Anza kila mazungumzo hapo. Salamu zetu ndefu, za nyumbani, watoto na shamba, zilizokuwa zinaonekana kupoteza muda, ndizo zinazompa ubongo uliochoka nafasi ya kukaa sawa kabla swali halijaja.

Kagua duka kabla ya kuvaa beji

Kikao hakigusi jengo, na jengo ndilo linalomfukuza mtu kabla hujamsalimu. Anzia mlangoni. Mkeka mweusi juu ya sakafu nyeupe unaonekana kama shimo, kwa kuwa dimensia inaharibu namna ubongo unavyosoma kina. Mzee anasimama ghafla, au anauruka na kuanguka. Weka mkeka wa rangi inayokaribiana na sakafu. Marumaru inayong'aa inaonekana kama maji. Piga deki bila kuipolishi. Mlango wa kioo kitupu ubandike utepe wa rangi usawa wa macho na wa kiuno.

Choo kina mambo manne. Alama ibandikwe juu ya mlango wenyewe, isikae ukutani kando yake, karibu mita 1.2 kutoka chini, kwa sababu wazee hutembea wakiangalia chini. Ichorwe choo na iandikwe CHOO. Kile kijimtu chenye sketi ni fumbo. Sinki jeupe, vigae vyeupe na kiti cheupe vikikaa pamoja kiti hakionekani, mtu anakaa hewani. Nunua kiti cha choo cha rangi iliyokoza, buluu au nyekundu. Na kioo kikubwa mkabala na mlango kinaonyesha mtu mwingine yuko ndani, hivyo mzee anatoka bila kujisaidia, akisubiri mgeni yule amalize. Kihamishe au kifunike.

Zima redio saa ambazo wazee wanakuja. Weka kiti kimoja karibu na kaunta, chenye mikono ya kujiinulia.

Malipo yanahitaji makubaliano ya mapema. Mteja akishindwa kuhesabu sarafu, zitandaze juu ya kaunta, hesabuni pamoja kwa sauti ya chini. Kwa wakala wa pesa za simu, usimwingizie mteja namba ya siri hata akikuomba, hata ukiwa na nia safi. Siku pesa zikipungua hutakuwa na la kujitetea, na atakayekuja baada yako huenda asiwe na nia safi. Familia ikae na mzee, kama bado anaweza kuamua naye aamue, waweke kiasi kidogo kwenye laini anayotembea nayo na kilichobaki mahali pengine.

Anayenunua sukari mara tatu kwa siku, usimwambie mbele ya foleni kwamba ameshanunua asubuhi. Muuzie, andika daftarini, na jioni mwanawe arudishe paketi zilizofungwa. Makubaliano haya yafanywe na familia kabla, kwa maandishi ya mistari miwili, ili asije mtu kusema duka linamnyonya mzee.

Akipotea

Omuta ni mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe katika mkoa wa Fukuoka, Japani. Tangu 2004 wakazi wake hufanya zoezi la mtaani: mtu wa kujitolea anatembea kama mzee aliyepotea, taarifa inasambazwa, na watu wanatoka kumtafuta. Shabaha kubwa ni watu wazoee kumwendea na kuzungumza naye. Kumwona ni rahisi. Wengi humwona wakapita kwa sababu hawajui waanze vipi. Nia yao ilikuwa mji ambao mtu anaweza kutembea kwa amani, bila kufungiwa ndani.

Zoezi hili linafaa sana mitaa yetu na halihitaji mfadhili. Chagua mtu mmoja asiyefahamika sana, avae nguo iliyotajwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, atembee saa moja kati ya stendi ya bodaboda, duka la dawa na sokoni. Kila atakayemwendea afuate yale makatazo matatu: salamu, jina lake mwenyewe, "Unakwenda wapi, mzee? Tutembee wote kidogo." Baadaye yule aliyetembea awaeleze: nani alinishika mkono nikaogopa, nani aliniita nikatulia. Bodaboda wawepo kwa lazima, kwani wao ndio watakaoambiwa "nipeleke nyumbani" na kutajiwa kijiji ambacho mzee alihama mwaka 1970.

Liendane na fomu. Polisi wa Uingereza wanayo inayoitwa Herbert Protocol, kwa jina la George Herbert, askari aliyepigana Normandy katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na baadaye akaishi na dimensia. Familia inaijaza kabla ya tukio, maana saa ya taharuki hakuna anayekumbuka rangi ya shati. Ukurasa mmoja unatosha: picha ya hivi karibuni ya uso na ya mwili mzima, majina yote anayoitikia, dawa na saa zake, mahali alipoishi na alipofanyia kazi zamani (huko ndiko anakoelekea), msikiti au kanisa lake, njia anayoipenda, kinachomtuliza, kinachomtisha, simu mbili za ndugu. Nakala moja iwe nyumbani, nyingine kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa.

Usisubiri saa 24 kutoa taarifa. Mzee mwenye dimensia akipotea ni dharura tangu dakika ya kwanza. Na akishapatikana, aliyetuma picha aifute na kuandika "amepatikana, futeni". Picha ya mama wa watu akiwa amechanganyikiwa isizunguke kwenye simu miaka mitatu baadaye.

Nani akichukue, na kwa namna gani

Aliye Uingereza akichukue kama kilivyo. Angalia kwanza utaratibu wa sasa kwenye tovuti ya Alzheimer's Society, kisha omba kiendeshwe kwa kundi lenu la Waswahili, mwendeshaji akubali mkalimani na zoezi la chai ya kupika. Aliye Afrika Mashariki achukue mawazo, aache jina na ua, kwa kuwa jina na beji ni mali ya shirika na haviwezi kuchapishwa bila idhini yao. Kitambaa cha rangi moja mkononi kinatosha.

Mpangilio ninaoupendekeza: watu 12 hadi 20, saa mbili. Dakika 50 za jumbe na sanduku la kanga, 15 za chai, 30 za makatazo matatu mkifanya wawili wawili mmesimama, 25 za kutoka nje kukagua duka moja la kweli. Mwezi ufuatao, zoezi la kupotea. Baada ya miezi sita, rudieni lote, kwa sababu kijana wa kaunta aliyefunzwa ameshahama na aliyechukua nafasi yake hajasikia lolote.

Anayekagua duka awe mtu anayeishi na dimensia mwenyewe, akiwa bado katika hatua za mwanzo, na alipwe kwa kazi yake. Tembea naye kutoka mlangoni hadi kaunta hadi chooni, usimwelekeze, andika kila mahali miguu yake inaposimama.